Aliyeiita Namatete

Mama Enelesi Namalomba, mratibu wa Umoja wa Vituo vya Mabonde, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni baada ya kuutumikia umoja wetu kwa miaka ishirini na tisa. Alianza kazi akiwa mchora ramani kijana mwenye koti la kijani la kuazima. Anaondoka akiwa mtu pekee ambaye vituo vyote vitano, yaani Zomba, Lusaka, Harare, Nampula na Mbeya, vinamwogopa sawasawa. Koti la kijani bado analo. Aliyemwazima alikwishakata tamaa.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida letu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja cha kazi tangu nilipotumwa hapa Zomba kutoka Mbeya, nikidhani nitamaliza mwaka mmoja na kurudi nyumbani. Watoto wangu sasa wanagombana kwa Kichewa. Mkurugenzi wetu, Dk. Wyson Mpaso, ameniagiza niandike kwa furaha na nisiwatishe wasomaji wa Harare. Hilo la kwanza nitajitahidi.

Kwa wasiotufahamu vizuri, kazi yetu ni kuandika kwa pamoja. Mto ukifurika Zambia, mahindi huozea Msumbiji, na watu waliohamishwa na njaa hawaulizi mpaka uko wapi. Kwa hiyo vituo vitano vinachunguza jambo moja, kila kimoja upande wake, kisha inatoka ripoti moja yenye sahihi tano ambayo serikali husoma kabla ya kuamua. Kazi ya Mama Enelesi ilikuwa kuhakikisha sahihi hizo tano zinatua kwenye karatasi moja. Waliowahi kupatanisha mawifi wakati wa msiba watakuwa na picha kidogo ya ugumu wake.

Miaka ya mwanzo tulifanya kama umoja mwingine wowote: kila mtu alisemea mahali pa mwenzake, kwa kujiamini kabisa. Ndipo ilipotoka ile ripoti maarufu iliyoshauri wanawake wa bonde moja wafuge nyuki. Ramani aliichora Mama Enelesi mwenyewe, na ilikuwa nzuri mno. Mizinga ikapakiwa kwenye lori, ikapelekwa, ikashushwa. Bonde zima halikuwa na mti hata mmoja. Yote ilikwisha kuwa mkaa. Wanawake wakashukuru kwa heshima, wakaweka kuku ndani ya mizinga. Kuku walistawi sana, na katika taarifa ya mwaka Lusaka waliandika kwamba mradi umefaulu.

Mama Enelesi alicheka kwa wiki nzima. Kisha akaacha kucheka, akaja kikaoni na kanuni ambayo leo vituo vyote vinaiita Kanuni ya Kulala: hakuna ruhusa ya kupasemea mahali ambapo hujawahi kulala. Kupita na gari hakuhesabiki. Kula chakula cha mchana na chifu hakuhesabiki. Alisema kwamba mchana kila mahali hujipamba kwa ajili ya mgeni, na kwamba yeye anataka kusikia kutoka kwa mtu aliyekuwepo taa zilipozimwa.

Kutokana na kanuni hiyo ukazaliwa mwito wa Jumanne. Kila Jumanne asubuhi, kabla ya jambo lolote, Mama Enelesi husimama mezani na kuyaita kwa sauti majina ya mahali pote palipo ndani ya ripoti inayoandikwa. Anayaita kwa kichwa, bila karatasi. Aliyewahi kulala mahali hapo huitikia: “Tupo.” Hasemi “nipo,” kwa kuwa anaitikia kwa niaba ya watu waliomlaza. Pasipoitikiwa hapajadiliwi siku hiyo. Walio mbali huitikia kupitia ile spika ya duara ya mikutano, iliyokaa katikati ya meza yetu kama sufuria iliyosahaulika jikoni.

Mwanzoni watu walilalamika. Dk. Mutinta Hamoonga wa Lusaka, mwanamke asiyekubali kushindwa, aliwahi kulala kwenye zizi la mbuzi ili tu apate haki ya kuongea juu ya kitongoji kimoja cha Gwembe. Jumanne iliyofuata aliitikia “Tupo” kwa sauti ya mtu mwenye mafua, na kila baada ya sentensi mbili akawa anajikuna. Mama Enelesi alimwambia kwamba sasa hoja zake zina uzito, na pia zina viroboto. Hamoonga hadi leo anaisimulia hadithi hiyo kama aliyepewa nishani.

Ninafika sasa kwenye mwaka ambao kila mtu atauliza kwa nini sikuuandika nisipouandika.

Wakazi wa Zomba wanajua kwamba Ziwa Chilwa hufa na kufufuka. Mwaka ule lilikufa kweli kweli. Ukisimama kule mlimani wanakouza stroberi ulikuwa unaona weupe mtupu pale palipokuwa maji, na upepo ulipovuma kutoka upande huo, vumbi lenye harufu ya samaki lilianguka juu ya meza zetu. Tulikuwa tunafuta asubuhi, mchana limerudi. Mhudumu wetu alikataa kulifagilia nje. Alilikusanya kwenye karatasi na kulimwaga chini ya mti, taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha wenyewe.

Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imeomba kupewa kinamasi chote cha kaskazini mwa ziwa ipande miti, ili iuze hewa ya ukaa kwa nchi zenye viwanda. Serikali ikatuuliza swali moja tu: je, sehemu inayoitwa Namatete ina watu? Kama haina, mkataba utasainiwa, uzio utawekwa, mifereji itachimbwa. Kama ina watu, hapana. Picha za setilaiti zilionesha matete, na baada ya matete, matete. Machifu wa ukingoni walipopigiwa simu walisema watu waliondoka maji yalipoondoka. Mama Enelesi aliziinamia picha zile na kioo chake cha kukuzia mpaka macho yakamwasha, kisha akachukua penseli na kuandika kwenye ramani, juu ya Namatete: hakuna wakazi. Huwa anasisitiza kwamba mkono ulioandika ni wake, na asiachiwe mtu mwingine lawama hiyo. Kulala huko hakuna aliyelala, maana nani angemlaza?

Vituo vyote vitano vilikuja Zomba kutia sahihi. Ilikuwa asubuhi ya chiperoni, yale manyunyu ya baridi yanayoshuka mlimani na kukaa siku nzima kama mgeni asiyeaga. Upepo ulikuwa umeangusha nguzo ya simu, na Lackson Gomani, fundi wetu wa mitambo, alikuwa chini ya meza akihangaika na nyaya. Haikujalisha, kwa sababu wote tulikuwa chumbani. Chai ilikuwepo, mandazi yalikuwepo, kalamu tano zilikuwa zimepangwa.

Mama Enelesi akasimama akaita. Gwembe, tupo. Mulanje, tupo. Milange, tupo. Alipofika mwisho akaita:

“Namatete?”

Dk. Mpaso akatabasamu. “Hapo ruka, Mama. Si umeandika mwenyewe hakuna watu?”

“Pamo kwenye ripoti, Dokta. Palipo kwenye ripoti panaitwa.”

Akasubiri. Desturi yetu ni kusubiri mpaka kila mtu aone haya kidogo. Mvua ilikuwa inagusa bati. Mtu mmoja wa Nampula akaweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa mno.

“Tupo,” ikasema spika.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, imekauka kidogo, na nyuma yake maji yalikuwa yanagonga kitu cha mti, polepole.

“Lackson!” Dk. Mpaso akaita. “Nani yuko hewani?”

Lackson akatoka chini ya meza kinyumenyume. Mkononi alikuwa ameshika ncha ya waya wa ile spika. “Hakuna hewani, bosi. Waya wenyewe huu hapa.”

Tukautazama waya. Nakumbuka ulikuwa na vumbi la samaki.

Mama Enelesi hakukaa. “Namatete, nani anaitikia?”

“Saizi. Saizi Malola.”

“Mpo wangapi, Bwana Saizi?”

Maji yakagonga tena. “Njoo uhesabu,” sauti ikasema, bila ukali wowote, kama jirani anayekukaribisha kula. Baada ya hapo spika ikawa chombo tu.

Dk. Hamoonga ndiye aliyepata sauti kwanza. “Zomba jamani, hata mizimu yenu ina adabu ya mkutano.” Hakuna aliyecheka, naye mwenyewe nilimwona akisogeza kiti chake mbali na meza.

“Ni mawimbi ya redio yameingiliana,” Dk. Mpaso akasema. “Teksi za hapa zinatumia redio. Tutieni sahihi, watu wana safari.”

“Pameitikiwa,” akasema Mama Enelesi. Alikuwa ameshazifunika kalamu kwa kiganja. “Pakiitikiwa, hapaandikwi kwamba hapana watu.”

“Mama, utasimamisha nchi tano kwa sababu boksi limekohoa?”

“Nitasimamisha. Niliyeita ni mimi.”

“Waziri anasubiri kesho kutwa! Nimwambie nini?”

“Mwambie mratibu wako amekwenda kuhesabu.”

Nimemfahamu Dk. Mpaso kwa muda mrefu, na si mtu mbaya, lakini siku ile alikuwa na hofu na hofu yake ilivaa suti ya hasira. Alimwambia mbele yetu sote kwamba arudi na watu, au asirudi kabisa. Mama Enelesi akavaa koti lake la kijani, akaniangalia mimi, akamwangalia Lackson, akasema gari lina mafuta.

Tuliacha gari Kachulu, bandari ndogo ya ukingoni mwa ziwa, kwenye gati lililosimama juu ya udongo mkavu. Mvuvi mmoja, ambaye hakuwa na pa kuvua, akatuongoza kwa miguu juu ya sakafu ya ziwa. Udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande, na kila kipande kilikuwa kimejikunja pembeni kama chapati iliyokaa tangu jana. Tulikanyaga magamba ya konokono kwa muda mrefu. Kisha udongo ukawa tope, tope likawa maji ya magotini, na mvuvi akatoa mtumbwi aliouficha kwenye matete. Akatusukuma kwa pondo ndani ya mfereji mwembamba ambao ulijifunga nyuma yetu kila tulipopita. Hakukuwa na ndege. Lackson, ambaye kwa kawaida huimba, aliniuliza kwa kunong'ona kama na mimi nasikia watu wanakohoa.

Nilikuwa nasikia. Nikasikia pia mtoto akikatazwa kitu, na sufuria ikikwanguliwa. Lakini mbele yetu kulikuwa na matete tu.

“Hodi!” Mama Enelesi akaita.

“Karibuni,” matete yakajibu, na ukuta wa matete ukafunguka kama mlango, kwa sababu ulikuwa mlango.

Watu wa Namatete hawaishi ukingoni. Wanaishi juu ya ziwa lenyewe. Wanakata matete na kuyalaza tabaka juu ya tabaka mpaka yanakuwa chelezo, sakafu inayoelea, kisha wanajenga vibanda vya matete hayohayo juu yake. Maji yakipungua hawahami nyumba, wanahama na nyumba: wanazisukuma kufuata dimbwi linalobaki katikati. Machifu walisema kweli, watu waliondoka. Walichosahau kusema ni kwamba waliondoka kuelekea ndani. Na setilaiti nayo ilisema kweli. Ukitazama kutoka juu, yote ni matete. Vibanda vilikuwa vingi, moshi ukichujwa na mapaa kiasi kwamba haukupanda, na kwenye kila kizingiti alisimama mtu akitutazama kama tuliochelewa harusi.

Aliyetupokea alikuwa Agogo Nambewe, bibi mfupi mwenye shingo ndefu. Alimtazama Mama Enelesi kuanzia viatuni.

“Wewe ndiye unayeita.”

“Ndimi, Agogo.”

“Mbona umechelewa hivyo, mwanangu? Kila Jumanne tunakaa hapa tunasikia majina ya wenzetu yanaitwa. Milange. Mulanje. Sijui Gwembe, huko ni wapi? Sisi tunapitwa tu. Watoto wakaanza kuuliza, kwani sisi tumemkosea nani?”

“Mnasikiaje, Agogo? Hapa hata simu haishiki.”

Bibi akamwangalia kwa mshangao wa kweli. “Si unaita kwa sauti?”

Mama Enelesi akasema angependa kumsalimia Bwana Saizi Malola, aliyetuitikia.

Vicheko vikapita kutoka kizingiti hadi kizingiti, vicheko vizuri kabisa, na ndivyo vilivyonisimamisha nywele.

“Saizi?” akasema Agogo Nambewe. “Huyo ndiye tunayemtuma. Mtu mwingine angetaka nauli, angetaka chakula cha njiani, angefika amechoka. Saizi hana shida hizo.”

“Yuko wapi sasa?”

“Ziwa lilipokufa ile mara kubwa, mimi bado nina meno yangu yote, alikwenda kututafutia maji. Alitembea hivyo, kwenye weupe.” Akaonesha kwa kidevu upande tuliotokea. “Tulimtazama mpaka akawa mdogo, akawa nukta, halafu hata nukta haikuwepo. Enzi zile mahindi ya msaada yakija, ndiye aliyekuwa anaitikia majina yetu sote, hata ya wagonjwa. Alikuwa mwepesi wa kuitika. Mnadhani mtu akifa ndiyo anakuwa mvivu?”

Hapo Lackson akakumbuka ghafla kwamba huenda hakufunga gari. Akaondoka na mvuvi. Sisi wawili tukabaki, kwa sababu Kanuni ya Kulala ni kanuni na aliyeitunga alikuwa amesimama pale na viatu vilivyolowa. Tulikula ugali na kambale wa moshi, tukapewa togwa, tukalazwa kibanda cha pembeni. Usiku wenyewe sina la kuwasimulia, tulilala. Nitasema tu kwamba tulijilaza mlima wa Zomba ukiwa upande wa vichwa vyetu, na tulipoamka ulikuwa upande wa miguu. Chelezo kilikuwa kimesafiri nasi kimyakimya. Mama Enelesi aliketi mlangoni akiutazama mlima kwa muda mrefu, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. Aliniambia kwamba yeye ndiye angewazika hawa watu wote, kwa penseli, na angepewa shukrani.

Alirudi Zomba na watu, kama alivyoamriwa. Agogo Nambewe na wenzake saba waliingia kwenye chumba chetu cha mikutano na harufu ya moshi na samaki, wakakaa kwenye viti vya kuzunguka na kuvizungusha kwa furaha. Wale wa vituo vingine walikuwa wamekubali kungoja, Dk. Hamoonga alikuwa amekaa juu ya mfuko wa kalamu ili zisitumike. Mama Enelesi akaita majina yote tangu mwanzo. Alipofika “Namatete?” walioitikia walikuwa na miili, na waliitikia kwa nguvu hata madirisha yakatetemeka. Dk. Mpaso akachukua kifutio mwenyewe, akafuta maneno yale mawili kwenye ramani, akampa Mama Enelesi penseli. Akaandika: wapo. Sahihi tano zikatua kabla chai haijapoa. Mkataba haukusainiwa. Lazima nimsifu Dk. Mpaso hapa, kwa sababu waziri alimkemea vibaya lakini yeye hakumtaja mtu mwingine.

Tangu hapo vituo vyote vitano vinaita kila Jumanne. Ripoti zetu za mabonde, za wakimbizi wa njaa na za udongo zimeandikwa na watu wenye migongo inayouma kwa kulala vibaya, na ndiyo maana zinasomwa. Mama Enelesi amefundisha watafiti wengi ambao leo ni wakuu wa idara, na wote bado wanakaa wima akipita. Kila Jumanne, Namatete ilipoitwa, aliitikia yeye mwenyewe. Maji yalirudi ziwani. Spika haikusema tena neno lolote ambalo halikupigiwa simu.

Mwaka huu mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Mama Enelesi alitimiza umri, na kampuni ile ikaomba kinamasi kwa mara ya pili, safari hii ikiwa na ramani iliyochorwa na mashine peke yake. Ofisini nako kukawa na pendekezo kwamba mwito wa Jumanne unapoteza muda, na kwamba majina ya mahali yaonekane tu kwenye skrini, kila mtu ayasome kimoyomoyo. Dk. Mpaso hakulipenda pendekezo hilo wala hakulikataa. Alisema litaanza kazi Mama akishaondoka, ili asiumie. Mama Enelesi akaumia. Nilimwona akiifuta ile spika kwa kitambaa chake, pole pole, kila upande. Aliniambia kwamba mahali pasipoitwa hufutika, na kwamba skrini haina koo.

Jumanne iliyopita ilikuwa ya mwisho kwake. Chiperoni ilikuwa imeshuka. Lackson, aliyepata mvi sasa, alikuwa amechomoa spika ili aweke ile skrini mpya. Mama Enelesi akasimama akaita, watu wakaitikia, akaiita Namatete, akaitikia mwenyewe, na tukaanza kujiandaa kupiga makofi.

Hakukaa. Akazungusha macho ukuta hadi ukuta, akaita jina ambalo halijawahi kuitwa.

“Chumba hiki?”

Dk. Mpaso akafungua mdomo, kisha akaikumbuka kanuni. Nani kati yetu amewahi kulala humu? Saa kumi na moja jioni sisi sote tuko kwenye magari. Tumekisemea chumba hiki mbele ya mawaziri na wafadhili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo taa zilipozimwa. Watu wazima wenye shahada tukainamisha vichwa. Mvua ikawa inagusa bati.

“Tupo,” ikasema spika.

Ilikuwa sauti ileile, na maji yaleyale yakigonga mti. Lackson hakuulizwa. Aliinua tu ule waya ili sote tuuone.

Nimejaribu kujiliwaza kwamba alisema “tupo” kwa kufuata desturi. Lakini ndivyo ilivyo: kanuni ni yetu wenyewe, na kwa kanuni hiyo kuna wanaolala humu. Sijui ni wangapi. Sijui ni tangu lini. Mhudumu wetu, alipoulizwa, alisema yeye alidhani tunajua, ndiyo sababu huwa haburuti viti akifagia jioni.

Mama Enelesi alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekabidhi mtoto kwa ndugu. “Ahsante, Saizi,” akasema. “Basi naweza kwenda.”

Dk. Mpaso akasimama, akaiondoa skrini ukutani kwa mikono yake mwenyewe, akaiegemeza mlangoni ikiwa imegeukia nje. Akatangaza kwamba mwito wa Jumanne utabaki maadamu umoja huu upo, kwamba ramani ya mashine haitaguswa kabla mtu hajalala Namatete upya, na kwamba atakayeita ni mimi. Hakuna aliyepinga. Sidhani kama mtu angethubutu, mle ndani.

Mama Enelesi anahamia Kachulu, kwenye nyumba ndogo yenye veranda inayotazama maji. Anasema atafuga kuku, na mizinga anayo. Kwa niaba ya vituo vitano, na kwa niaba ya kila mahali palipowahi kuitwa na kuitikia, tunakushukuru, Mama, kwa sauti yako, kwa ukaidi wako na kwa penseli uliyokubali kuifuta. Siku zako ziwe ndefu, mgongo wako upone, ziwa lisikuache. Lackson anaomba radhi tena kuhusu lile gari, lilikuwa limefungwa.

Jumanne nitasimama mahali pako. Nimeiongeza Kachulu mwishoni, baada ya Namatete. Nikiita, tuitikie, Mama. Na kwa miaka mingi, mingi ijayo, tunakuomba sana uwe unatuitikia kwa simu.